Kuku wa Baba Wenye Tofi Tumboni

Enzi zetu, sisi watoto wa ploti za vyumba vya kupanga pale Dagoretti Corner, Krismasi ilinukia kabla haijafika. Ilinukia vanishi kwanza. Mafundi wa samani kando ya Barabara ya Ngong walikuwa wakikimbizana na wateja waliotaka makochi mapya kabla ya wageni kuja, na upepo ukitoka upande wao ulituletea vumbi la mbao hadi mlangoni. Kisha ilinukia chapati, maana akina mama walianza kujaribu mikono yao mapema, na mtoto mwenye akili alijua nyumba ipi imebandika kikaango na akapata sababu ya kwenda kuazima chumvi. Shule zilikuwa zimefungwa. Ripoti zilikuwa zimesomwa, wa kuchapwa wakachapwa, mambo yakaisha.

Tulicheza kutwa. Kati, ule mchezo wa kukwepa kulengwa, kwa mpira wa karatasi za nailoni uliofungwa kwa kamba, brada ya kuruka mpira wa ndani wa baiskeli ulionyooshwa kama kamba, gololi za bano kwenye vumbi, na kalongolongo ambapo ugali wa matope ulipikwa kwenye vifuniko vya soda na mtu akalazimishwa kuula. Nikiwasimulia wanangu kuhusu ule mpira wa karatasi, mdogo huuliza chaji yake ilikuwa ikikaa kwa muda gani.

Baba yangu alikuwa fundi wa mawe. Yeye na Mama walitoka milima ya Maragoli wakiwa bado vijana, wakapata chumba kimoja cha mabati katika ploti ya kina rafiki yangu Wambui, na humo ndimo nilimozaliwa mimi, Kageha, kisha mdogo wangu Mmbone. Mama alifanya kazi za nyumba kwa familia moja huko Kileleshwa. Baba alijenga popote palipohitaji ukuta. Mikono yake ilikuwa migumu hivi kwamba akikupangusa uso baada ya kulia, ulinyamaza upesi ili aache.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa akijenga nyumba ya mtu huko Karen. Ubao wa jukwaa ukateleza, akaanguka kutoka orofa ya kwanza, na mguu wa kulia ukavunjika mahali pawili. Alilala hospitalini wiki tano. Aliporudi alikuwa na plasta kutoka kwenye paja hadi vidoleni, na magongo mawili ya mbao ambayo Mmbone aliyaogopa kama watu wageni.

Kuanzia hapo Mama aliondoka asubuhi na Baba akabaki nasi. Aliketi mlangoni kwenye kigoda, mguu ukiwa juu ya debe lililopinduliwa, akitazama ploti. Mtu aliyezoea kuinua mawe tangu jua linapochomoza sasa alijua paka wa jirani anaamka saa ngapi. Alihesabu misumari kwenye mabati ya nyumba iliyo mbele yetu, akamaliza, akaanza tena. Wakati mwingine nilimkuta akiitazama mikono yake imelala mapajani kama vifaa alivyoazimwa.

Siku moja akaniita. "Kageha, nenda kwa yule fundi wa baiskeli pale kwenye kona. Mwambie akupe spoki mbili kuukuu. Zisiwe na kutu."

Nikaleta. Akakaa asubuhi nzima akizisugua kwenye kizingiti cha saruji mpaka ncha zikawa laini. Kisha akamtuma Mmbone ndani achukue sweta ya shule ambayo Mama alikuwa amepewa kazini, ya rangi ya damu ya mzee, viwiko vimetoboka. Akatafuta ncha ya uzi kwapani, akavuta, na sweta ikaanza kufumuka, mstari kwa mstari, ikitoa uzi uliojikunja kama tambi. Mmbone alikimbia kunieleza kwamba Baba anaharibu nguo. Mimi nilifikiri kuanguka kule kulikuwa kumemgusa kichwa.

Mama aliporudi jioni alimkuta na spoki mikononi na kipande cha kazi kinachoning'inia. Alisimama mlangoni bila kuuweka mkoba wake chini.

"Baba Kageha, unafanya nini?"

"Nafuma."

"Unafuma nini?"

"Bado sijaamua."

Mama akaketi kitandani na viatu vyake, jambo ambalo sisi tungechapwa kwa kulifanya. "Miaka kumi na mmoja nakufulia nguo. Miaka kumi na mmoja! Na hujawahi kuniambia unajua kufuma?"

"Hujawahi kuniuliza," Baba akasema, na nilimwona Mama akicheka kwa mara ya kwanza tangu ile siku watu walipokuja kutuambia ameanguka.

Ndipo tulipojua. Baba alilelewa na nyanya yake, mwanamke aliyefuma sweta za watoto wa shule kule nyumbani. Nyumba haikuwa na msichana, kwa hiyo alimfundisha yeye akiwa na miaka sita, na mikono haikusahau.

Kuku wa kwanza alikuwa wa Mmbone. Mdogo wangu alikuwa na miaka minne, na alikuwa ameambiwa kwamba mwaka huo hatutakwenda ushago, kwa nyanya kule Maragoli, Krismasi kwa sababu Baba hawezi kukunja mguu safari yote hiyo. Alilia siku mbili. Hakulilia nyanya wala binamu zetu. Alilia kuku. Kwetu, kama mjuavyo, Krismasi bila kuku ni Jumatano tu ya kawaida, na Mmbone alikuwa amejiwekea kuwakimbiza wale wa nyanya uani hadi achoke.

Basi Baba akamfumia wake. Alikuwa mwekundu wa giza, mnene, wa kutosha kiganjani, amejazwa vitambaa kutoka kwa fundi cherehani. Kishungi chake kilitoka kwenye mfuko mwekundu wa wavu wa kubebea vitunguu. Chini ya bawa kulikuwa na mfuko mdogo uliofungwa kwa kifungo cha shati, na ndani ya mfuko kulikuwa na tofi moja. Baba hakumwambia. Alimpa tu. Mmbone alimfinya kuku yule, akasikia karatasi ikilia tumboni, akamtazama Baba kwa macho ya mtu aliyeona muujiza.

"Ako na kitu ndani!"

"Basi mwangalie vizuri," Baba akasema. "Labda anataka kutaga."

Baada ya siku mbili, kila mtoto wa ploti alitaka wake. Sweta kuukuu zikaanza kuja kutoka kila nyumba, za kila shule unayoijua, na Mama akaleta nyingine kutoka Kileleshwa. Baba aliuchemsha uzi, akauzungusha kwenye miguu ya kiti ili ukauke ukiwa umenyooka. Ndiyo sababu wanyama wetu walikuwa na rangi za shule: kondoo wa kijivu, sungura wa kijani kibichi, punda wa buluu na mstari mweupe shingoni pale ukosi ulipokuwa. Kila mmoja alichukua siku mbili, tatu. Kila mmoja alikuwa na tofi tumboni.

Ningependa kusema nilijivunia. Nilijivunia, lakini kwa wiki moja tu.

Wambui alikuwa bintiye mwenye ploti na rafiki yangu wa karibu, bingwa wa brada, aliyeweza kuruka kamba ikiwa imeinuliwa hadi shingoni. Baba yake alikuwa na mashamba na nyumba za kupangisha, mtu wa familia iliyokuwa pale tangu Dagoretti ikiwa migunda ya mahindi. Siku hiyo tulikuwa kumi hivi tukicheza, na Baba alikuwa pale pale mlangoni, spoki zikigongana. Wambui akaacha kuruka, akamtazama, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Kageha, kwani babako ndiye mamako?"

Wakacheka wote. Mwingine akaongeza, "Mama Kageha anaenda job, Baba Kageha anafuma!" Wakaufanya wimbo, wakauimba huku wakiruka.

Sijui kama Baba alisikia. Ploti ile ilikuwa ndogo, ukipiga chafya mtu wa chumba cha mwisho alikuombea afya. Alifuma tu.

Kesho yake nilimwendea. Nilikuwa nimeyapanga maneno usiku kucha. "Baba, si ukae ndani. Jua ni kali."

Baba akatazama juu. Hakukuwa na jua. Ilikuwa ile Desemba ya mawingu mazito, na hata nguo zilizoanikwa jana bado zilikuwa mbichi. Akanitazama mimi. Kisha akafunga uzi wake, akachukua magongo, akasema, "Kweli, ni kali," akaingia ndani. Kuanzia siku hiyo alifuma akiwa amekaa kitandani, kwenye mwanga mdogo wa dirisha, na mimi nikarudi kucheza brada.

Jumapili iliyofuata Mmbone alimbeba kuku wake kanisani. Mwalimu Njeri, aliyetufundisha shule ya Jumapili, alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuwaita watoto kutoka ng'ambo ya barabara. Alimwona kuku, akamwinua darasa zima likaona.

"Mmbone, huyu kuku ametoka wapi?"

"Kwa tumbo yake kuko na switi," Mmbone akajibu, kana kwamba ndilo swali aliloulizwa.

"Na ni nani amemfuma?"

Wambui akageuka kunitazama. Nilisimama haraka. "Ni Mama, Mwalimu."

"Si Ma..." Mmbone akaanza, nikamfinya pajani.

Mwalimu Njeri alifurahi kupita kiasi. Alikuwa akitafuta zawadi ya kuwapelekea watoto wagonjwa hospitalini siku ya Krismasi, na hapa Mungu alikuwa amemletea jibu. "Mwambie Mama aje Jumamosi awafundishe wasichana wote. Kila mmoja afume mnyama mmoja. Mimi nitatafuta tofi." Darasa likapiga makofi. Wambui hakupiga. Alinitazama tu, akatabasamu.

Wiki hiyo sikuruka brada hata mara moja. Nilishika kamba. Nikitaka zamu yangu, Wambui alisema polepole, "Mwalimu Njeri anasema mamako anafuma vizuri sana," na mimi nikarudi kushika kamba.

Mama yangu hakujua kushona hata kifungo kikakaa. Nilisubiri Jumamosi kama mtu anayesubiri sindano. Nilimwomba Mungu mvua ya kubomoa daraja, ingawa kati ya nyumbani na kanisani hakukuwa na daraja.

Alhamisi, tukila ugali, Mmbone alimwambia Mama, "Jumamosi utatufundisha kufuma. Kageha alimwambia Mwalimu ni wewe ulifuma kuku. Halafu akanifinya hapa."

Mama aliweka kijiko chini. "Kageha. Ulimwambia hivyo kwa nini?"

Nilitazama bakuli la sukumawiki. Baba naye aliangalia plasta yake, ambayo Mmbone alikuwa ameichora nyumba na watu kwa kipande cha makaa. Nilijua kwamba amejua. Alijua tangu siku ile ya jua.

"Ulimwonea aibu baba yako?" Mama akauliza, na sauti yake ilikuwa ya kuumia, si ya hasira. "Mtu anayekaa siku tatu na uzi ili mtoto wa jirani apate tofi?"

"Mama Kageha, mwache," Baba akasema. "Basi nikufundishe wewe. Siku mbili zinatosha."

Walijaribu kweli. Jioni ile ile Mama alishika zile spoki kama mtu anayeshika miguu ya kuku hai. Kitanzi cha kwanza kikakaa. Cha pili kikatoroka. Cha tatu akakikaza mpaka spoki haikutoka. "Mikono hii imefua mashuka tangu asubuhi," akasema, "haisikii tena kitu chembamba." Baba alicheka, Mama akamchapa begani na sweta, na kwa dakika chache ilikuwa kama hakuna kilichotokea. Lakini hakujifunza. Na Jumamosi ilikuwa siku ya kazi.

Asubuhi hiyo, Mama alipokwisha kuondoka, Baba alivaa shati lake la Jumapili. "Twende," akaniambia. "Nitamwambia Mwalimu kwamba mama yako amebanwa na kazi. Na huo si uongo."

Alikuwa hajatembea zaidi ya choo cha ploti tangu atoke hospitalini. Mvua ilikuwa imenyesha, na magongo yalizama kwenye matope mpaka ikabidi niyavute. Kuvuka barabara tulisubiri sana. Hakuna gari lililotaka kumpisha mtu wa miguu mitatu. Alipumzika kwa muuza mbao, akapumzika tena kwa muuza mkaa, jasho likimtiririka masikioni. Hapo kwa muuza mkaa ndipo alipozungumza.

"Mimi pia nilichekwa na wavulana. Nilikuwa mdogo kuliko wewe. Nikamwambia nyanya sitaki tena kufuma."

"Akasema nini?"

"Hakusema kitu. Alichukua sindano zangu akaziweka juu, kwenye paa. Hakuniuliza sababu." Alitazama magari kwa muda. "Ningependa angeniuliza."

Kisha akayachukua magongo, tukaendelea.

Kanisani walikuwa tayari wameketi, wasichana zaidi ya kumi na watano, wengine na sindano za kweli za mama zao, wengine na spoki, mmoja na vijiti vya mishikaki. Wambui alikuwa mstari wa mbele. Mwalimu Njeri akaja mlangoni.

"Baba Kageha! Umetoka na huo mguu? Karibu, karibu. Mama yuko wapi?"

Baba akavua kofia. "Mwalimu, nimekuja kuomba radhi. Mama Kageha amebanwa na..."

Mpaka leo sijui ni nini kilichonisukuma. Naikumbuka tu mikono yake kwenye yale magongo, imevimba, imekuwa myekundu kwa kujibana safari yote ile, kwa ajili ya kuulinda uongo wangu.

"Mwalimu, ni Baba," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Mama hajui kufuma. Ni Baba alifuma kuku. Na kondoo, na punda, na wote. Nilidanganya."

Wambui akacheka, kicheko kimoja kifupi, akatazama nyuma apate wa kucheka naye, asipate.

"Ni kweli, Baba Kageha?" Mwalimu Njeri akauliza.

"Ni kweli, Mwalimu."

"Na ulikuwa unataka kurudi nyumbani na ufundi wote huo?" Akavuta benchi mwenyewe, akalipangusa kwa ncha ya leso yake. "Keti. Wasichana, mpisheni mwalimu wenu."

Baba aliketi, mguu umenyooshwa mbele, na kwanza hakujua afanye nini na macho yote yale. Kisha akamtazama Wambui, aliyekuwa karibu zaidi, akachukua uzi wake uliosokotana na kuanza kuutatua. Akafundisha kwa namna pekee aliyoijua. "Msingi kwanza. Vitanzi ishirini, vyote sawa. Kila kitanzi ni jiwe. Ukiruka moja huoni leo, utaona ukuta ukianza kulala." Alipita kwenye mstari kwa magongo yake, akiinamia kazi ya kila mmoja kama msimamizi wa mjengo. "Huyu ukuta wake umepinda. Bomoa, uanze tena. Usilie, hata mimi nilibomoa nyingi."

Wavulana watatu waliokuwa wakipiga mpira nje walikuja kuchungulia dirishani. Mwalimu Njeri aliwaita ndani, akawapa kazi ya kuzungusha uzi. Kufikia saa sita walikuwa wameomba spoki.

Mzee mmoja wa kanisa alipita, akamwinua kuku wa mfano. "Lakini Baba Kageha, kwenye zizi alipozaliwa Bwana, kuku alikuwako kweli? Mimi nasoma habari za kondoo."

"Mzee," Baba akajibu bila kuinua macho, "mahali penye ng'ombe na punda, wewe unafikiri kuku atakosa?" Kanisa zima likaangua kicheko, na nilicheka nikiwa nimeliegemea bega lake.

Tulikwenda Jumamosi zote zilizobaki, na siku za katikati pia. Wanyama wetu walikuwa vituko. Kondoo wa Wambui alifanana na gunia la viazi lenye masikio. Punda wangu alikuwa na mguu mmoja mrefu, na Baba alipouona akalinganisha na wake, akasema huyo ni ndugu yake. Tofi alizishika Mwalimu Njeri mpaka siku ya mwisho, maana zilizotangulia kuletwa zilipotea kwa njia ambayo hakuna mtoto aliyeweza kuieleza.

Asubuhi ya Krismasi tulikwenda hospitalini tumevaa nguo za mwaka uliopita. Baba alikuja na magongo. Wodini kulikuwa na msichana mdogo, mwenye bendeji kichwani, aliyepewa kuku. Alimfinya, akasikia karatasi, lakini alipoonyeshwa kile kifungo akamkumbatia kuku kwa nguvu.

"Hapana. Ataumia."

Manesi walimbembeleza, Mwalimu Njeri akambembeleza. Hakukubali. Baba akajisogeza mpaka ukingoni mwa kitanda, akaketi, akagonga plasta yake kwa kidole, ikalia ko ko ko. Msichana akaitazama.

"Hata mimi walinifungua," Baba akamwambia. "Wakatoa kilichokuwa kinanisumbua, wakafunga tena. Huyu kuku naye anasumbuliwa na hiyo tofi. Tumsaidie?"

Mtoto akafikiri. Kisha akakishika kifungo kwa vidole viwili, taratibu sana, akakifungua. Akatoa tofi, akakifunga tena, akampapasa kuku tumboni na kumwambia pole. Mama yangu, aliyekuwa amesimama nyuma yetu, alitoka nje na hakurudi mpaka tulipomaliza kuimba.

Plasta ilitolewa mwezi wa pili. Mguu ulipona kwa kuchechemea, na Baba hakupanda jukwaa tena. Alijenga kuta za chini na kuwafundisha wengine. Lakini kila Desemba alirudi kwenye uzi, na wala hakukaa ndani. Wambui alimletea sweta kuukuu mpaka tulipomaliza darasa la nane, na harusini kwake, miaka mingi baadaye, alimtambulisha Baba kwa mumewe kama mwalimu wake.

Kwa miaka mingi sikumwomba msamaha kwa ile siku ya jua. Nilisema kweli mbele ya watu, nikadhani inatosha. Alipostaafu akarudi Maragoli na Mama, na mara kadhaa nilikwenda nikiwa na maneno hayo mdomoni, tukaishia kuongea habari za mahindi. Mwaka jana hatimaye nilimwambia. Sasa ni mzee, mikono inatetemeka, hashiki tena sindano. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Ilikuwa ni kwa nini?" Nikajua ni swali alilotaka kuulizwa yeye, zamani sana. Nikamweleza yote: wimbo, brada, Wambui. Tulikaa pale uani mpaka chai ikapoa.

Siku hizi naishi Kileleshwa, kwenye ghorofa, na nafanya kazi ofisini katikati ya mji. Wanangu hawajui majina ya watoto wa mlango wa pili, lakini wanawajua wachezaji wa nchi ambazo mimi siwezi kuzionyesha kwenye ramani. Kufuma kwao ni kitu cha kutazama kwenye simu, kwa kasi, mpaka mwisho, bila mtu kukosea kitanzi. Na mimi ninayewalaumu niko vilevile. Nina uzi kabatini, mzuri, wa dukani, haujawahi kuwa sweta ya mtu. Kila Desemba nasema mwaka huu nitaketi.

Desemba iliyopita sikuketi. Nilitoka kazini nimechelewa, nikaenda na binti yangu kwenye maduka makubwa ya Karen, nikamnunulia sungura wa chokoleti aliyefungwa kwa karatasi ya dhahabu, mkubwa kuliko mnyama yeyote tuliyewahi kumfuma. Alinishukuru vizuri, ni mtoto mwenye adabu. Sisi tulipewa tofi moja, na mpaka leo kila mmoja wetu anaweza kukuambia ni mikono ya nani iliyoiweka pale. Yeye alimla sungura garini, macho kwenye simu, na tulipofika Dagoretti Corner alikuwa amemaliza, amekunja karatasi na kuiingiza pembeni mwa kiti, na ananiuliza, amekwisha kusahau, ni nani aliyemnunulia yule sungura, mimi au babake.